Je, wajua Python huendeshaje kodi ya C?

Mwanafunzi wa Maseno anayechambua vipimo vya maji ya Ghuba ya Winam huandika programu kwa lugha ya Python, na kudhani Python ndiyo inayopiga hesabu. Akitumia NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, kazi nzito hufanywa na kodi (maandishi ya programu) ya lugha ya C. Hesabu za matriki (majedwali ya namba) huenda mbali zaidi, kwenye maktaba za BLAS, zilizoanzia kwenye Fortran, lugha iliyotolewa na IBM mwaka 1957. Python ilitoka 1991. Zinaelewanaje?

Hazielewani. Prosesa haijui Python wala Fortran, inajua maagizo ya mashine tu. C ikishakompailiwa, yaani ikishageuzwa kuwa maagizo hayo, kila fanksheni hubaki maagizo yenye anwani kwenye memori, na mwenye anwani anaweza kuiita, hata atokee lugha gani. Kinachobaki ni kupatana: data iwekwe wapi kabla ya kuita, na jibu lichukuliwe wapi. Utaratibu uliozoeleka ni wa C, lugha aliyoiunda Dennis Ritchie kule Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni kama sokoni Kibuye, Kisumu, ambapo Mjaluo na Mkisii hupatana bei kwa Kiswahili. Lugha ya Rust ikitaka kuitana na ya Go, nazo kwa kawaida hupitia C.

Jaribu hii kwenye Ubuntu, ukitumia ctypes, sehemu ya Python ya kuita fanksheni za C, kutafuta kipeuo cha pili cha 2:

import ctypes
m = ctypes.CDLL("libm.so.6")
print(m.sqrt(ctypes.c_double(2.0)))

Unangoja 1.414, unaletewa namba nzima isiyo na kichwa wala miguu. Hesabu yenyewe ilifanyika sawasawa. Tatizo ni kwamba usipoiambia vinginevyo, ctypes hudhani kila fanksheni hurudisha namba nzima. Kwenye prosesa za Intel na AMD za biti 64, namba nzima hurudi kupitia rejista (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa) ya eax, yenye desimali kupitia xmm0. Python ikaenda eax, ikazoa takataka iliyokuwamo. Ongeza mstari huu kabla ya kuita, mambo yatanyooka:

m.sqrt.restype = ctypes.c_double

Angalia kwamba hukuonywa popote. Kwangu mimi, hilo ndilo baya kuliko yote: ukishavuka mpaka wa Python na C, hakuna anayekagua mizigo.

Na kuvuka kwenyewe kuna gharama. Kila mara Python hufungua namba yake, huikabidhi, kisha hulifungia jibu upya. Ukiita sqrt ya C mara milioni kwa mtindo huu, muda mwingi utaishia mpakani. NumPy huvuka mara moja tu, ikikabidhi anwani ya namba zote kwa pamoja, na mzunguko wote ukafanyika upande wa C.

Fortran nayo ina yake. C hupanga jedwali mstari kwa mstari, Fortran safuwima kwa safuwima. Ukiikabidhi matriki bila kuijulisha mpangilio, itaisoma mistari ikiwa safuwima, na hapo pia hutaona kosa lolote kwenye skrini.