Dawa "iliyolala" sio dawa feki

Nakaa dirishani duka la dawa kila siku na kuna kitu kinanichosha kweli, mtu ukimwambia hii dawa ukiimeza inakuwa haijaanza kazi mpaka mwili uibadilishe, anakukatisha hapohapo, "basi hiyo feki, nipe ile kali."

Sio feki jamani. Chukua enalaprili ya presha, ini ndo linaibadilisha kuwa enalaprilati na hiyo ndo inashusha presha. Sasa kwanini wasitupe enalaprilati moja kwa moja? Kwa sababu ukiimeza utumbo hauipokei vizuri, ndo maana yenyewe inachomwa kwa sindano. Tenofoviri ya kwenye ARV nayo ni vilevile, imevishwa koti ipenye utumbo halafu koti linavuliwa ndani.

Wengine wanasema dozi moja kazi moja kwa kila mtu, na hapa ndo pabaya. Kodeini inakata maumivu kwa sababu ini linageuza sehemu yake ndogo kuwa mofini, na kimeng'enya kinachofanya hiyo kazi tumezaliwa nacho tofauti tofauti. Kuna mtu atameza weee maumivu yako palepale, na kuna mwingine ini lake lina spidi, mofini inajaa kwenye damu mpaka pumzi inakata (Ethiopia watu wa hivi ni wengi kuliko sehemu nyingi duniani). Marekani kuna watoto walikufa baada ya kukatwa mafindofindo na kupewa kodeini, 2013 mamlaka ya dawa ya huko ikatoa onyo kali, 2017 ikasema chini ya miaka 12 asipewe kabisa. Kwahiyo hiyo tabia ya "mkatie mtoto nusu ya changu" acheni. Na mtu anayetumia fluoksetini, dawa ya sonona, hiyo inakizuia hichohicho kimeng'enya, akirudi kulalamika kodeini haimsaidii msikimbilie kumwita teja.

Halafu eti ni ini tu linaloamsha dawa. Pirazinamidi ya TB inaamshwa na kimeng'enya cha bakteria mwenyewe, yaani mdudu anajipikia sumu yake kwa mkono wake! Shida ni kwamba mdudu ambaye kimeng'enya chake hicho kimeharibika haipiki tena, dawa inapita imelala na usugu unaanzia hapo.

Omeprazoli ya kiungulia ndo inaamkia kwenye seli za tumbo zinazotengeneza asidi, ila inafika huko kupitia damu, kwahiyo zile punje ndani ya kapsuli zimepakwa kinga zisiguswe na kuharibiwa na asidi njiani. Kuna mama mmoja alikuwa anafungua kapsuli anatafuna punje kama karanga, mwezi mzima kiungulia kiko palepale, analaumu dawa. Nikamwambia mama, meza nzima, nusu saa kabla ya chai. Akaniangalia, "kwani ukitafuna si ndo inaingia haraka?"