Chombo cha vipira vitatu: kwa nini ukikipuliza hakitikisiki?

Je, wajua kwamba kile chombo cha plastiki chenye vipira vitatu, wanachopewa wagonjwa baada ya upasuaji wa tumbo au kifua, si cha kupuliza? Mimi sikujua. Na kwa kutokujua kwangu, mama yangu mkubwa alipuliza jioni nzima bure.

Ilikuwa katika hospitali moja hapa Tanga. Alikuwa ametolewa mfuko wa nyongo, mshono umepita chini ya mbavu za kulia. Tuliporudi na chupa ya uji tukakuta chombo kimewekwa kitandani: vyumba vitatu vya plastiki angavu, kipira ndani ya kila kimoja, na mpira wa kupitisha hewa wenye kipande cha kutia mdomoni. Nikajifanya mjuzi. "Puliza, mama mkubwa. Puliza kwa nguvu." Akapuliza huku ameshika ubavu. Vipira vimetulia kana kwamba vimegandishwa kwa gundi. Mama wa kitanda cha pili, mtu wa Pangani, akatoa hukumu: kibovu hicho, rudisheni.

Asubuhi akaja kijana wa fiziotherapia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, chombo chenu kimekufa." Akacheka, akamwekea kile kipande mdomoni. "Usipulize. Vuta, kama unakunywa dafu kwa mrija. Polepole." Akavuta. Kipira cha kwanza kikapanda, kikatetemeka juu sekunde moja, kikaanguka. "Kumbe kizima!" akasema mama wa Pangani, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Kosa letu lina asili yake. Kwetu pumzi ni kitu cha kutoa: tunapuliza moto wa kuni, zumari, siwa. Hospitali nazo zimetuzoesha hivyo. Kipimo cha pumzi alichokieleza daktari John Hutchinson wa Uingereza mwaka 1846 kilipima hewa ambayo mtu anaweza kuitoa baada ya kujaza kifua, na hadi leo mgonjwa wa pumu akipimwa huambiwa apulize. Zamani wagonjwa waliofanyiwa upasuaji walipewa hata chupa za maji wapulize ndani yake. Ni miaka ya 1970 hivi ndipo daktari mmoja wa Marekani, Robert Bartlett, na wenzake waliposhikilia kwamba faida imo katika kuvuta, na chombo cha kumhimiza mgonjwa avute kikaanza kusambaa.

Na hata puto, ambalo watu bado hupewa wapulize, linathibitisha jambo hilohilo kwa mlango wa nyuma. Mtazame mtu anayetaka kulijaza: kabla ya kupuliza anavuta hewa hadi mabega yanapanda. Kazi inayoyapanua mapafu imekwisha fanyika kabla puto halijaguswa. Kinachofuata, kule kupuliza hadi mashavu yavimbe, kinayarudisha mapafu kwenye udogo. Ukipuliza hadi mwisho kabisa, njia nyembamba za hewa zilizo chini ya pafu huanza kujifunga. Yaani jioni ile nilikuwa namhimiza mama mkubwa, kwa mapenzi yote, afanye kinyume cha dawa.

Sasa, kwa nini mapafu yahitaji kupanuliwa? Hapa Tanga nitaeleza kwa baiskeli, maana mji huu bila baiskeli haueleweki. Ukivuta mpini wa pampu juu, hewa inaingia yenyewe, hakuna anayeisukuma. Mwilini mpini huo ni kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Msuli huo ukishuka, kifua kinapanuka na hewa inaingia. Mwenye mshono chini ya mbavu hathubutu kuushusha sawasawa, kwa sababu kila akijaribu kidonda kinamkumbusha. Anavuta vijipumzi vya juu juu. Ongeza nusukaputi, ambayo tayari imelegeza misuli na kufanya sehemu za chini za mapafu zinywee, ongeza kulala chali, na dawa kali za maumivu zinazopunguza ile tabia ya kushusha pumzi.

Kushusha pumzi kwenyewe ni ajabu ambayo hatuijali. Mtu mzima hufanya hivyo kila dakika tano au zaidi kidogo, bila huzuni wala mapenzi, bila hata kujua. Ni pumzi moja ndefu inayofungua kilichoanza kujikunja.

Kinachojikunja ni vifuko vya hewa. Viko mamia ya milioni, kila kimoja kama sehemu ya tano ya milimita. Nenda kwa fundi baiskeli umwombe tyubu mpya kutoka kwenye boksi. Imelala bapa, lakini ndani imepakwa poda ili kuta zake zisigandane. Tyubu kuukuu iliyoingiwa na maji ikakaa bila upepo miezi sita ni kesi nyingine: unapiga pampu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna kitu, halafu ghafla kuta zinaachana na kutoka hapo inajaa kwa urahisi. Kazi ngumu yote iko kwenye kufungua. Vifuko vya mapafu ndivyo vilivyo. Kuta zake zina unyevu, na unyevu huzivuta zishikamane. Kadiri kifuko kinavyozidi kuwa kidogo ndivyo kinavyohitaji nguvu zaidi kukifungua. Poda yake ni majimaji fulani ya utelezi yanayopunguza mvutano huo, na seli zinazoyatengeneza huyamwaga zaidi zinaponyooshwa na pumzi ndefu. Mfano wa tyubu unaishia hapo, kwa kuwa hakuna tyubu inayojipaka poda yenyewe.

Hiyo ndiyo sababu ya kuambiwa "vuta, halafu shikilia" kwa sekunde tatu hadi tano. Vifuko havifunguki vyote kwa pamoja. Vimeshikana kama macho ya wavu: ukilivuta jicho moja, la jirani nalo linatanuka, lakini linahitaji muda. Hewa nyingine hupenya kutoka kifuko hadi kifuko kupitia vitundu vidogo ukutani.

Na chombo kinafanya nini katika yote haya? Hakuna. Hakina oksijeni, hakina dawa, hakisukumi hewa hata kidogo. Kinakuonyesha tu. Mgonjwa aliyeambiwa "vuta pumzi ndefu" hajui kama amefikisha. Aliyeona kipira kikipanda anajua, na kwa kawaida anataka kukipandisha tena. Nakiri napenda sana kifaa kinachofanya kazi kwa kukuchokoza tu.

Lakini vipira navyo hudanganya. Katika vyombo vingi vya aina hii, cha kwanza hupanda hewa ikipita kwa mililita 600 hivi kwa sekunde, viwili kwa 900, vitatu kwa 1,200. Sasa piga hesabu. Kijana mwenye papara akinyanyua vyote vitatu kwa nusu sekunde ameingiza mililita 600, karibu sawa na pumzi yake ya kawaida, ambayo ni kama nusu lita. Mama mkubwa akikishikilia kimoja juu sekunde tatu ameingiza lita moja na mililita 800. Kwa macho ameshindwa vibaya. Kwa mapafu ameshinda mara tatu. Ziko aina nyingine zenye kipimo kinachopanda kuonyesha ujazo wenyewe, na hizo si rahisi kuzihadaa.

Tusikipambe kupita kiasi, hata hivyo. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2014 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, kuhusu upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo hayakuona ushahidi mzuri kwamba chombo hiki kinazuia matatizo ya mapafu, na tafiti zenyewe nyingi zilikuwa dhaifu. Miongozo ya wataalamu wa upumuaji wa Marekani ya 2011 ilisema kisitumike peke yake: kiende pamoja na pumzi ndefu, kukohoa, kuinuka mapema na kutuliza maumivu. Vipo pia vifaa ambavyo kweli hupulizwa, vyenye kizuizi au mtetemo, lakini hivyo hasa ni vya kulegeza makohozi. Na kuna kichekesho: baadhi ya hivi vya vipira, ukivipindua juu chini, kupuliza kunavinyanyua. Mimi na "puliza" yangu sikuwa mbali sana.

Mama mkubwa alielekezwa avute mara kumi kila saa akiwa macho, akipumzika katikati asije akapata kizunguzungu, na akikohoa akumbatie mto juu ya mshono. Siku ya tatu kipira cha pili kilipanda. Alirudi nacho nyumbani Ngamiani, akakiweka juu ya kabati, kwa kuwa ni chombo cha mdomo mmoja. Wajukuu hukivizia. Kila anayekipata, kabla hajanyang'anywa, anakipuliza.