Tiyo ya kupumulia ikikataa kuingia: maswali munatuuliza kila siku Bukavu

Nilikuja kwa operesheni ya hernia, juu ya nini mutu wa anestezi (mwenye kulalisha wagonjwa) ananiomba nifungue kinywa nitoe ulimi?
Anaangalia njia ya pumzi. Ukishalala kwa dawa misuli inalegea, ulimi unaanguka nyuma unaziba koo, njo maana mara nyingi tunaingiza tiyo. Hicho kipimo ni Mallampati, cha 1985, leo kiko na ngazi 4: ya 1 tunaona kimio chote, ya 4 tunaona tu paa gumu la kinywa. Peke yake kinadanganya, kwa hiyo anapima pia kama vidole 3 vinaingia kati ya meno ya juu na ya chini, na kama shingo inalala nyuma. Na jino linalotikisika ulitaje, usione haya.

Shangazi yangu wa Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu, iko na rovu kubwa.
Aseme mapema. Idjwi inajulikana kwa rovu tangu zamani, ayodini kidogo, mihogo mingi. Rovu kubwa linaweza kuminya bomba la pumzi, basi kuna wakati tunamuwekea tiyo akiwa macho, koo imetiwa ganzi, anapumua mwenyewe.

Na kama mutu amelala na tiyo imekataa?
Mbele ya kumulalisha tunamupatia oksijeni kwa maski kama dakika 3, hiyo akiba njo inatupa nafasi ya kufikiri. Ikikataa tunarudi kwa maski, tunaita mwenzetu, tunabadilisha mukao wa kichwa, tunajaribu bouji (kafimbo kembamba ka kuongoza tiyo), ao maski ya koo aliyoivumbua Archie Brain, Mwingereza, 1981. Kosa baya ni kung'ang'ania, kila mara chuma cha kufungulia koo kinaingia koo linavimba, na mashini ya kupima oksijeni yenyewe inakuambia, oksijeni ikishuka ile sauti yake ti ti ti inaanza kuwa nzito na hapo bloku yote, chumba cha operesheni, inanyamaza. Ikiwezekana tunamuamsha. Vyote vikishindikana tunafungua kitundu mbele ya shingo.

Kachai ka maziwa asubuhi hakana neno?
Kana neno! Chakula na maziwa uache masaa 6 mbele ya operesheni, maji matupu 2. Mama mmoja aliapa hajala, dada yake mulangoni akacheka: na ile bugali? Tukaahirisha.

Mara ya mwisho waliniambia nilikuwa mugumu kuingizia tiyo.
Rudi uombe karatasi, waandike nini ilikataa na nini ilifaulu, halafu uiweke pamoja na karte yako ya elekteri (ya kupigia kura), sababu atakayekulalisha mara ingine hatakuwa mimi.