Huduma ya Ukunga Majumbani katika Uingereza ya Katikati ya Karne ya 20

Huduma ya ukunga majumbani ulikuwa utaratibu wa serikali za mitaa za Uingereza na Wales uliomwezesha mjamzito kujifungulia nyumbani kwake, akihudumiwa na mkunga aliyesajiliwa na mwenye mshahara, chini ya dhamana ya halmashauri ya eneo lake. Utaratibu huo ulitokana na Sheria ya Wakunga ya mwaka 1936, na ulidumu kwa sura hiyo hadi 1974.

Kilichoutofautisha na ukunga wa kabla yake ni mshahara. Usajili ulikuwepo tangu sheria ya mwaka 1902, na kuanzia 1910 asiyesajiliwa hakuruhusiwa kujipatia riziki kwa kuzalisha bila usimamizi wa daktari. Hata hivyo, wakunga wengi waliosajiliwa waliendelea kujitegemea, wakitegemea ada ya kila uzazi, ada ambayo katika mitaa ya mafukara ilichelewa au haikulipwa kabisa. Mkunga wa aina hiyo alilazimika kupokea wazazi wengi kupita kiasi, na alipougua hakuwa na kipato. Gharama ya daktari nayo ilikuwa kikwazo, mpaka sheria ya mwaka 1918 ilipoitaka halmashauri imlipe daktari aliyeitwa na mkunga wakati wa dharura. Kwa maoni yangu kifungu hicho kinastahili kutajwa zaidi kuliko kinavyotajwa, kwa sababu mkunga anayeogopa kuitia familia katika deni huchelewa kuomba msaada, na mzazi anayetokwa damu nyingi hana muda wa kusubiri.

Sheria ya 1936 ilizilazimu halmashauri kuhakikisha kwamba kuna wakunga wa kutosha wenye mshahara, ama kwa kuwaajiri zenyewe ama kupitia vyama vya hiari vya wauguzi. Mkunga alimtembelea mjamzito kabla ya siku zake kutimia, akapima mkao wa mtoto, akakagua chumba na kueleza vitu vya kuandaliwa. Alipoitwa usiku alikwenda, mara nyingi kwa baiskeli, akiwa na mkoba wenye vifaa vya kuzalishia, na baadaye pia mashine ya gesi ya kutuliza uchungu iliyobuniwa mwaka 1933 na Dkt. Robert Minnitt wa Liverpool. Kazi haikuishia kwenye kukata kitovu. Kwa siku 10 au zaidi alirudi kumwosha mama na mtoto, kusaidia unyonyeshaji na kupima joto la mwili, kwa kuwa homa ya uzazi, yaani maambukizi yanayompata mama baada ya kujifungua, ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi.

Vifo hivyo vilipungua haraka: katikati ya miaka ya 1930 walikufa wazazi zaidi ya 4 katika kila vizazi hai 1,000, na kufikia 1950 walikuwa chini ya 1. Haitakuwa haki kuipa huduma hii sifa yote. Dawa za salfa za kutibu maambukizi ya bakteria, zilizoanza kutumika mwaka 1936, kisha penisilini, ergometrini ya kuzuia kutokwa damu na upatikanaji wa damu ya kuongezewa vilikuwa na mchango mkubwa sana. Lakini dawa humfaa mzazi pale tu anapokuwepo mtu wa kuona dalili mapema, na kwa familia nyingi mtu huyo alikuwa mkunga wa mtaani.

Julai 1948, Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanza, ukunga wa majumbani ukawa bure kwa wote. Hapo pia ndipo ulipozaliwa udhaifu wake mkubwa: hospitali zilikuwa na uongozi wake, madaktari wa familia walikuwa na wao, na wakunga wakabaki chini ya halmashauri, hivyo mama mmoja aliweza kupita katika mikono ya idara tatu zisizowasiliana vizuri. Kamati ya Cranbrook, iliyoundwa na serikali kuchunguza huduma za uzazi, ilipendekeza mwaka 1959 kwamba asilimia 70 ya wazazi wajifungulie hospitalini. Kamati nyingine ya serikali, ya Peel, mwaka 1970 ikataka nafasi za hospitali ziwatoshe wote, ingawa haikuwa na ushahidi wa kulinganisha usalama wa nyumbani na wa wodini kwa wazazi wasio na matatizo. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, waliojifungulia nyumbani, ambao mwaka 1960 walikuwa takriban theluthi moja, walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 5, na tangu 1974 wakunga hawakuwa tena watumishi wa halmashauri.