Midtjylland Haikujengwa na Kompyuta

Mwenyekiti wa klabu moja ya daraja la chini alinipigia simu juzi, saa nne usiku. Salamu yenyewe aliimeza nusu. "Mwalimu, ile programu ya Midtjylland inauzwa shilingi ngapi?" Alimaanisha programu ya takwimu inayodaiwa kuifanya Midtjylland, klabu ya Denmark, kuwa bingwa. Kazi yangu ni kuchambua mechi kwa video na takwimu, na kuwafundisha makocha kufanya hivyohivyo, kwa hiyo swali hili nimelizoea kama foleni ya asubuhi. Huyu ni wa nne mwaka huu. Naandika ili wa tano nimtumie hii, mimi nilale. Kila dhana ninayoisikia nimeiweka ndani ya alama za kunukuu, jibu langu liko chini yake.

"Ilikuwa timu ya kijijini isiyojulikana, akaja tajiri wa kamari na kompyuta yake, mwaka mmoja tu ikawa bingwa."

Dhana hii haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli ndani yake. Julai 2014, Matthew Benham, Mwingereza aliyetajirika kwa kubashiri mechi na mwenye klabu ya Brentford ya London, alinunua hisa nyingi za FC Midtjylland ya Denmark. Klabu ilikuwa na ukata. Msimu uliofuata, 2014/15, ikachukua ubingwa wake wa kwanza. Ukianza kusoma hadithi kwenye ukurasa huo, lazima uone muujiza.

Sasa soma kurasa za nyuma. Katikati ya rasi ya Jylland kuna miji miwili jirani ya viwanda vya nguo: Herning, wenye watu kama 50,000 hivi, na Ikast, ambao ni mdogo zaidi. Herning walikuwa na Herning Fremad, iliyoanzishwa 1918. Ikast walikuwa na Ikast FS ya 1935, na hao hawakuwa wasindikizaji: 1987 walishika nafasi ya pili Denmark nzima, na walifika fainali ya kombe 1986, 1989 na 1997, zote wakapoteza. Mwaka 1998 wakashuka daraja. Ndipo wafanyabiashara wawili, Johnny Rune wa upande wa Ikast na Steen Hessel wa upande wa Herning, wakafanya jambo ambalo mashabiki wa pande zote mbili waliliona kama usaliti: mwaka 1999 wakaunganisha timu za kwanza za watani. Jaribu kuwashauri wenzako wa Kariakoo jambo kama hilo, kisha utafute pa kulala.

Timu mpya ilimaliza msimu wake wa kwanza ikiongoza daraja la pili, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2000. Ikapata medali ya fedha 2007, na tena 2008. Mwaka 2004 ilifungua uwanja wake mpya Herning, na mwaka huohuo ikaanzisha akademi ambayo Denmark ilikuwa haijapata kuona mfano wake, vijana wakiishi, wakisoma na kufanya mazoezi chini ya uangalizi wa klabu. Hapo Benham bado miaka kumi.

Na hiyo timu ya ubingwa ilikuwa ya nani? Kocha Glen Riddersholm alikuwa kazini tangu 2011. Msimu uliotangulia ujio wa Mwingereza, klabu ilimaliza ya tatu. Hata Rasmus Ankersen, mwenyekiti aliyewekwa na Benham ambaye watu humtaja kama mtume wa takwimu, ni mtoto wa Herning aliyewahi kuwa kocha katika akademi ileile.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni usiku wa tarehe 18 Februari 2016, Europa League, Manchester United wakiwa wageni Herning. Kipa wa United, De Gea, aliumia wakati wa kupasha misuli, Romero akaingia golini kwa ghafla. Memphis Depay akawafungia United. Kabla ya mapumziko Pione Sisto wa Midtjylland akasawazisha. Dakika ya 77 Paul Onuachu, jamaa mwenye urefu wa mita mbili na ushee, akaupeleka mpira kona ya chini: 2-1. Kesho yake magazeti yakaandika kwamba takwimu zimeiangusha Manchester.

Takwimu zipi? Sisto alizaliwa Kampala, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa Sudan Kusini, akafika Denmark akiwa mtoto wa miezi miwili, akakulia Højslev, mwendo mfupi tu kutoka Herning. Alianza kuichezea timu ya wakubwa mwaka 2012. Onuachu aliletwa mwaka huohuo kutoka FC Ebedei ya Nigeria, ambayo Midtjylland ilikuwa na ushirikiano nayo. Wafungaji wote wawili walikuwa ndani ya nyumba kabla kompyuta haijabisha hodi. (Marudiano Old Trafford walichapwa 5-1, kijana anayeitwa Rashford akifunga mawili katika mechi yake ya kwanza. Sisto alifunga hapo pia, lakini nani anakumbuka.)

Sisemi takwimu hazikufanya kitu; ningekuwa najikatia tawi nililokalia. Zilifanya mambo mawili makubwa. Kwanza usajili: kiungo mkabaji Tim Sparv wa Finland alichukuliwa kutoka Greuther Fürth ya daraja la pili Ujerumani, kwa sababu hesabu zilionyesha kuwa timu hiyo ni bora kuliko watu walivyoidhania. Pili, mipira iliyokufa. Kona, faulo na mipira ya kurusha vilipewa muda wake mazoezini, na watu wake. Thomas Grønnemark, kocha wa kurusha mpira ambaye baadaye Liverpool walimtumia, alifanya kazi nao pia. Mabao yakamiminika.

Kwa hiyo mwenyekiti akiniuliza bei ya programu, mimi namuuliza mambo mawili. Je, mna orodha ya vijana wenu wa chini ya miaka 15, yenye tarehe za kuzaliwa za kweli? Na kwa wiki mnafanya mazoezi ya kona dakika ngapi? Huwa kunapita kimya kirefu. Huyu wa juzi alisema watoto wako wengi, hawahesabiki. Basi nunua daftari la kaunta, ndugu yangu, uanze kuwahesabu. Kila kona mliyopiga na mliyopigwa, andika: nani alipiga, mpira ulianguka wapi, nani aliugusa kwanza. Mechi kumi zikipita, nipigie. Mchana.

"Akademi yao huchagua vipaji tu, haikosei."

Huwachekesha wanaojua habari za beki Simon Kjær. Akademi ilipoanza kulikuwa na nafasi imebaki, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa klabu. Kijana akaingia kwa njia hiyo. Ankersen hupenda kusimulia kwamba makocha walipotakiwa kuandika majina ya vijana watakaofika mbali, hakuna hata mmoja aliyeandika la Kjær. Mwaka 2008 aliuzwa Palermo ya Italia. Alistaafu akiwa nahodha wa Denmark mwenye mechi 132 za timu ya taifa. Wakati huo takwimu hazikuwapo, na makocha wenyewe walipitwa.

"Waafrika wao wote ni zao la skauti wa Nigeria."

Sisto nimeshamweleza. Mwongeze Awer Mabil, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, akaishi humo miaka kumi hadi familia ilipohamia Australia. Alisajiliwa 2015 kutoka Adelaide United, akatolewa kwa mkopo Esbjerg, kisha Paços de Ferreira ya Ureno, ndipo akapata namba. Msimu wa 2020/21 alikuwa kikosini timu ilipocheza makundi ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Liverpool, Ajax na Atalanta. Walipata pointi mbili.

"Midtjylland ni mji."

Si mji, ni eneo: maana yake Jylland ya Kati. Mechi zinachezwa Herning, mazoezi yako Ikast. Jina lilichaguliwa ili upande mmoja usimmeze mwenzake.

"Tangu aje Mwingereza wanashinda kila kitu, na bado ndiye mwenye klabu."

Ubingwa ni 2015, 2018, 2020 na 2024. Kombe lilikuwa mwiba zaidi: ukijumlisha fainali tatu za Ikast na za 2003, 2005, 2010 na 2011, ni fainali saba bila kushika kikombe, mpaka 2019 walipowatoa Brøndby kwa penalti. Na Benham aliuza hisa zake 2023. Mmiliki mkuu sasa ni Heartland, kampuni ya Anders Holch Povlsen, tajiri wa Bestseller. Bestseller inauza nguo, na makao yake makuu yako Brande, katika manispaa moja na Ikast.