Je, wajua? Katika mbio za magari za rally, kuwahi ni kosa kubwa kuliko kuchelewa

Ukienda kutazama mbio za magari kwa mara ya kwanza, simama karibu na kituo cha muda. Utaona gari linakuja limejaa vumbi, halafu linaegesha pembeni, hatua chache kabla ya kibao cha manjano chenye picha ya saa. Hakuna pancha, wala injini haijachemka. Dereva amekaa kimya, na mwelekezi, mwenzake wa kiti cha pili anayesoma njia na muda, ameinamia saa yake. Dakika zinapita. Kisha mwelekezi anashuka na kadi ya muda mkononi, anasimama mbele ya meza ya msimamizi, na bado haitoi. Anasubiri. Kwa nini wasiingie tu, na wao wamefika?

Kwa sababu wangeadhibiwa. Kwa kanuni za FIA, shirikisho linalosimamia mashindano ya magari duniani, kila dakika unayochelewa kufika kituoni inakuongezea sekunde 10 katika hesabu yako. Kila dakika unayowahi inakuongezea dakika nzima. Kuwahi, basi, kunauma mara sita ya kuchelewa. Klabu za mitaani huweza kujiwekea viwango vyao, lakini msingi ni huohuo: umepewa dakika yako, fika katika dakika yako.

Na dakika hiyo ni dakika kwelikweli. Tuseme muda wako ni 10:12, yaani saa nne na dakika 12 asubuhi kwa hesabu yetu. Sekunde zote kuanzia 10:12:00 hadi 10:12:59 ni halali. Gari lenyewe linaruhusiwa kuvuka kibao cha manjano katika dakika iliyotangulia, lakini kadi ikimfikia msimamizi saa 10:11:58, tayari umewahi. Sekunde mbili hizo zimekugharimu dakika nzima.

Sababu iko barabarani. Rally si uwanja mmoja wa kuzunguka. Kuna vipande vilivyofungwa, ambapo unakimbia utakavyo na kila sekunde inahesabiwa, na kati yake kuna safari ndefu kwenye barabara za watu wote. Hebu fikiria mashindano yanayoanzia kisiwani Mombasa, yavuke daraja la Nyali, yapite Bamburi, Mtwapa na Kikambala, ndipo magari yaingie njia za udongo kwenye mashamba ya mkonge kule Vipingo. Njiani humo mna matatu, tuktuk, boda na watoto wanaotoka shule. Kama anayefika kwanza angepewa zawadi, Mtwapa pasingepitika siku hiyo. Adhabu ya kuwahi imewekwa ili dereva asipate faida yoyote kwa kukanyaga mafuta mbele ya watu wasioshindana naye. Kwangu mimi, hii ndiyo kanuni bora kuliko zote katika mchezo huu.

Mashindano yetu makubwa yalikulia kwenye barabara za namna hiyo. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo mingi magari yalishindana kwenye barabara zisizofungwa, huku matokeo yakiamuliwa kwa adhabu: mwenye chache ndiye mshindi. Joginder Singh aliposhinda mwaka 1965 kwa gari aina ya Volvo, ndugu yake Jaswant ndiye aliyekuwa kiti cha pili. Majina ya madereva tunayajua. Ya wenzao wa kiti cha pili tunayasahau upesi, na hiyo si haki.

Maana katika mashindano ya klabu, yale ambayo mtu wa kawaida anaweza kuingia na gari lake la kwendea kazini, mwelekezi ndiye anayeshinda au kushindwa. Hapo mara nyingi hakuna kukimbia kabisa. Mnapewa kitabu cha njia na wastani wa mwendo, tuseme kilomita 40 kwa saa, na kazi yenu ni kuushika wastani huo muda wote. Vituo vingine vimefichwa makusudi, ili msikimbie kisha mkae chini ya mwembe kusubiri. Kitabu chenyewe ni vichoro vidogo kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa na umbali wake kwa kilomita. Kitone kinaonyesha unakotoka, mshale unaonyesha unakokwenda.

Hesabu inaonekana rahisi: kilomita 30 kwa mwendo wa 40 ni dakika 45. Ugumu huanza pale mita ya kilomita ya gari lako inapokudanganya. Chukua tairi jipya lenye kipenyo cha milimita 650. Likilika milimita 6 kuzunguka lote, kipenyo kinashuka hadi 638. Tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwenye umbali uleule, na mita huhesabu mizunguko, haijui tairi limelika. Baada ya kilomita 50 za kweli, mita itasoma karibu 50.9. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, tofauti hiyo ni zaidi ya dakika moja. Mwelekezi ataona kama mmetangulia, atamwambia dereva apunguze, na mtachelewa bila kujua kilichowapata. Hata upepo mchache kwenye tairi unavuruga hesabu hiyo.

Kwa hiyo, ukiingia mara ya kwanza, usianze na injini. Kwenye kilomita za mwanzo, kabla vituo havijaanza kuhesabu, linganisha mita yako na kitabu. Pale kitabu kinapoandika 10, mita yako ikasoma 10.2, gawa kila unachosoma kwa 1.02 hadi mwisho wa safari. Pima upepo asubuhi kabla tairi hazijapata moto, na usiuguse tena, kwa sababu ukiubadilisha katikati ya njia, ile 1.02 yako haifai tena.