Herufi za tangazo la jimu zinavyopata uzito

Wenye jimu wengi wakileta kazi ya tangazo la video huomba herufi nene zinazorukaruka. Unene nawapa. Kuruka ndiko tunakobishania, kwa sababu kitu kizito hakirukiruki. Neno NYANYUA likiingia na kutoka kwa kasi ileile, hata ukiliandika kwa fonti nene namna gani, macho hulipokea kama karatasi iliyopeperushwa na feni. Kwenye maandishi yanayotembea, uzito hutokana na muda.

Ndiyo maana kabla ya kufungua After Effects, programu ya kutembeza maandishi na picha, naomba ruhusa nikarekodi watu wakipiga tizi. Mtazame mtu anayenyanyua chuma kutoka sakafuni. Mwanzo hakuna kinachosogea: mikono imenyooka, mgongo umekaza, chuma kinapinda kidogo, pleti bado ziko chini. Kisha mzigo unaachana na sakafu taratibu, unapanda, na mara nyingi karibu na magoti unafika mahali pagumu ukaelekea kugoma. Akipapita hapo, nyonga zinasukuma mbele na safari inamalizika upesi. Mwendo huo ndio ninaouchora kwenye grafu ya kasi. Programu ina mwendo wake laini ulio tayari, unaoanza polepole na kuishia polepole. Kwa tangazo la benki unafaa sana, ila kwa chuma hapana.

Kwa video ya fremu 25, yaani picha 25 zinazofuatana, kwa sekunde, NYANYUA naligawia hivi: fremu 6 bila kupanda, herufi zikijibana kidogo kwenda chini, fremu 10 za kupanda kwa taabu, zikiwemo 3 au 4 za kukaribia kukwama, kisha fremu 4 za kufyatuka. Zote 20 hazifiki hata sekunde moja. Likifika juu, litetemeke pikseli, yaani nukta za skrini, 2 au 3 kama mikono iliyobeba mzigo, halafu litulie. Muda wa kutulia ndio wabunifu wengi wanaoupunja. Neno moja nalipatia sekunde nzima ya kusomwa, na sentensi fupi sekunde 2.

Kiswahili kinanipa msaada mkubwa hapa. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Basi nakata kwa silabi, NYA-NYU-A, na ule mfyatuko naupiga kwenye NYU, sambamba na mdundo wa muziki kama upo. Mtu aliyekaa kwenye daladala na simu isiyo na sauti bado atalisikia neno kichwani. Ukitembeza herufi mojamoja, N inaachana na Y yake, na msomaji analazimika kuunganisha upya kitu ambacho kinywani ni kimoja.

Shida ni urefu wa maneno. Video ya simu iliyosimama ina upana wa pikseli 1080 na kimo cha 1920. TUNAKUSUBIRI kwa fonti nene litajaa upana wote huku herufi zikibaki ndogo. Nalikata pale viambishi vinapokutana na mzizi: TUNAKU juu, SUBIRI chini. Njia nyingine ni fonti badilifu, teknolojia iliyotangazwa mwaka 2016 na Adobe, Apple, Google na Microsoft, ambapo faili moja hubeba unene na upana wa kila namna. Roboto Flex, kwa mfano, huanzia unene wa 100 hadi 1000. Neno linaanza jembamba, na kila rudio la zoezi linaliongezea mwili. Napenda mno mbinu hii, na kwa sababu hiyo naitumia kwa neno moja tu katika tangazo zima.

Kumulikamulika kwa nguvu nakataa, hata mteja akisisitiza. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, yaani ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kuutumia, inaweka kikomo cha mimweko 3 ndani ya sekunde moja, kwa kuwa inayozidi inaweza kumletea mtu mwenye kifafa degedege.

Bei ya mwezi, mtaa ilipo jimu na namba ya simu hazichezi kabisa. Naziweka juu kidogo ya sehemu ya chini ambako vitufe na maelezo ya programu za simu hufunika picha, na zinabaki hapo sekunde 3 kamili, muda wa mtu kuisoma namba na kuipiga picha ya skrini.